Daftari Lenye Vema Nyingi: Kisa cha Mwanafunzi wa Darasa la Tatu Asiyejua Kusoma

Kisa hiki kilitokea katika shule ya msingi ya serikali, Kanda ya Ziwa, Tanzania. Jina la mwanafunzi si lake, na mambo yanayoweza kumtambulisha yeye, familia yake au shule yameondolewa au kubadilishwa. Nilihusika kama mwalimu wa elimu maalumu kutoka shule jirani yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Nimeandika zaidi kwa ajili ya walimu wa madarasa ya chini ambao hawajasomea elimu maalumu, maana mtoto wa namna hii hupita mikononi mwao miaka miwili au mitatu kabla hajafika kwetu.

Mtoto na shule

Daudi alikuwa na miaka 10, Darasa la Tatu. Aliishi na bibi yake mzaa mama, muuza dagaa wa genge la mtaani. Mama yake alikuwa mjini akifanya kazi za ndani, akituma hela alipopata. Daudi alisoma darasa la awali, hakuwa mtoro wala hakuwahi kukariri darasa. Nyumbani walichanganya lugha ya kabila na Kiswahili, na alipozungumza Kiswahili alijieleza kama mtoto yeyote wa rika lake.

Shule ilikuwa kama nyingi za ukanda ule tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016: watoto wameongezeka kuliko vyumba na walimu. Darasa lake lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 90, dawati moja watoto wanne. Silitaji hili kama kisingizio cha mtu. Nalitaja kwa sababu kisa hakieleweki bila hilo. Kwenye darasa la ukubwa huo mwalimu hamsikilizi mtoto mmoja mmoja akisoma, analisikiliza darasa. Darasa linasoma kwa pamoja, kwa mahadhi yanayojulikana, na mtoto asiyesoma anafungua mdomo na wenzake bila mtu kumshtukia.

Halafu kuna daftari. Daftari la Daudi lilikuwa safi kuliko mengi. Mwandiko ulionyooka, tarehe imepigiwa mstari, kazi zote zimenakiliwa kutoka ubaoni, na karibu kila ukurasa una vema nyekundu, alama ya mwalimu ya jibu sahihi. Ripoti ya Darasa la Pili ilisema: “Anajitahidi. Msafi na mtulivu.” Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza mwaka 2015 ulipunguza masomo kwa makusudi ili nguvu yote iende kwenye KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), na kigezo kilichotumika kupima usomaji mwishoni mwa Darasa la Pili kilikuwa maneno 50 kwa dakika. Mtoto huyu alivuka hapo akiwa hasomi hata maneno 10, na hakuna karatasi yoyote ya shule iliyoonyesha hivyo.

Alivyogundulika

Mwalimu wa darasa alikuwa mgeni shuleni, amehamia mwaka uleule. Alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliiona ni kupoteza muda: wakati darasa linanakili kazi, yeye huita mtoto mmoja mezani kwake asome nusu ukurasa.

Daudi alipoitwa alisoma hadithi fupi ya mkulima na mbuzi wake bila kukosea, tena kwa kasi. Mwalimu, akidhani amemaliza, alifunua ukurasa unaofuata. Mtoto akaendelea. Macho yapo kwenye ukurasa mpya, mdomo bado unasema sentensi mbili za mwisho za ukurasa wa zamani. Mwalimu alimwacha amalize, akarudisha ukurasa, akafunika picha kwa kiganja na kumwonyesha neno “mbuzi” katikati ya mstari. Daudi akasema “mkulima.” Alipoonyeshwa “wa”, alinyamaza.

Kisha mwalimu akafanya jambo ambalo ningependa kila mwalimu alifanye walau mara moja kwa muhula. Alifungua daftari la mtoto mwenyewe, kazi ya jana yake, yenye vema, akamwambia asome alichokiandika. Hakuweza kusoma hata mstari mmoja.

Bibi aliitwa. Alikuja akiwa amejiandaa kwa kesi. Ofisini walimu wawili walikuwa wameshasema mtoto ni mzito, na yeye alilipata neno hilo kabla hajakaa.

“Mwalimu, huyu si mjinga,” alisema. “Mimi namwachia genge asubuhi za Jumamosi. Nikirudi hela imetimia.”

Mwalimu wa darasa alilichukua hilo kama taarifa na hakubishana naye. Akamuuliza Daudi palepale: mteja amechukua mafungu matatu ya shilingi 500 na mawili ya 1,000, ametoa noti ya 5,000, anarudishiwa ngapi? “Elfu moja mia tano,” mtoto akajibu kabla swali halijapoa. Mwalimu akaliandika swali lilelile kwenye karatasi na kumpa. Daudi aliliangalia, akalinakili chini yake kwa mwandiko mzuri, akairudisha karatasi.

Hatua ya kwanza ilivyomrudisha nyuma

Shule ilikuwa tayari na utaratibu wa watoto wasiojua kusoma. Baada ya vipindi, watoto kama 20 wa Darasa la Tatu na la Nne walikusanywa kwenye chumba cha Darasa la Kwanza, wakakalia madawati ya wadogo na kuimba chati ya silabi na mwalimu wa kujitolea. Daudi aliingizwa humo.

Kwa wengi wao utaratibu ule ulifanya kazi. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu wataalamu wa fani yangu tuna kasumba ya kudharau chati ya silabi. Katika muda wa miezi miwili hivi wengi walianza kusoma. Walikuwa watoto waliokosa kufundishwa tu: waliokuwa watoro, walioanza shule wamechelewa, waliokaa nyuma ya darasa wakasahauliwa. Walipopata mwalimu mbele yao, walisoma.

Daudi na msichana mmoja wa darasa lake hawakusogea. Waliweza kuimba “ba, be, bi, bo, bu” hadi mwisho wa chati, lakini ukiwaonyesha “bo” peke yake, walirudi kuanza “ba” kimoyomoyo hadi waifikie.

Wakati huohuo wenzao wakawapa jina: “Awali B.” Daudi, ambaye hakuwahi kuwa mtoro, alianza kupotea mchana, baadaye na asubuhi za siku zenye kipindi cha kusoma. Bibi aliamini yuko shule. Kumbe Daudi alikuwa mwaloni, ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, akisaidia kuanika dagaa, kazi ambayo hakuna anayekuamuru usome kitu.

Hapo ndipo mwalimu wa darasa alipokuja kuniona.

Kuchunguza

Nilianza na macho na masikio, nikilijua fika shinikizo la kuruka hatua hii. Mtoto alisoma herufi za ubaoni kutoka nyuma ya darasa bila shida. Masikio tuliyapima kwa mnong'ono: unasimama nyuma yake hatua chache, anaziba sikio moja, unanong'ona neno, naye analirudia. Upande wa kushoto aliyakosa kadhaa. Hospitali ya wilaya ilikuta maambukizi ya muda mrefu, akapewa dawa, na baada ya matibabu alisikia vizuri pande zote mbili. Kusoma kulibaki palepale. Kuna waliouliza basi hospitali ilisaidia nini. Ilisaidia mtoto kusikia, na ilitusaidia sisi kuacha kuhisi kwamba tatizo lote liko masikioni.

Kisha tukaangalia makosa yake ya imla. Mwalimu wa darasa alikuwa ameyaorodhesha, kurasa mbili, na yalitisha. Lakini karibu nusu yalikuwa ya aina ya “balabala” kwa “barabara” na “karamu” kwa “kalamu.” Kwa ukanda wetu, kuchanganya r na l ni lafudhi, nusu ya darasa wanaandika hivyo, na baadhi yetu walimu tunatamka hivyo. Tukayaondoa yote. Yaliyobaki ndiyo yalikuwa na habari: “nuba” kwa “nyumba”, “gobe” kwa “ng'ombe”, “kaza” kwa “kwanza”, “manafuzi” kwa “mwanafunzi”, na “bada” kwa “dada.” Mtoto alikuwa na irabu na konsonanti moja moja. Konsonanti zinapokaa pamoja mbele ya irabu, alibakiwa na moja. Na b na d zilikuwa zikibadilishana nafasi.

Nilimpa pia michezo ya sauti, bila karatasi. Katika maneno paka, panya na kuku, lipi halianzi kama mengine? Akasema kuku. Nilikuwa karibu kuweka vema, nikamuuliza kwa nini. “Kwa sababu ana mabawa.” Nikabadilisha: meza, mama, sahani. Akachagua mama, kwa sababu ni mtu. Mtoto alikuwa anasikia maana ya neno. Kulisikia kama sauti zilizopangwa mfululizo ilikuwa kazi ngumu mno kwake. Mtoto wa Darasa la Kwanza kwa kawaida huumudu mchezo huu baada ya kuelekezwa kidogo. Daudi alielekezwa mara nyingi na bado alibahatisha.

Mwisho nilimsomea hadithi ya ukurasa mmoja ambayo hajawahi kuisikia. Aliisimulia yote kwa mpangilio, akajibu maswali, na akaongeza kwamba fisi wa kwenye hadithi alikuwa mpumbavu kuanzia mwanzo.

Picha iliyojitokeza ilikuwa ya mtoto mwenye uelewa wa kawaida, lugha ya kawaida, hesabu za kichwani nzuri, na ugumu mkubwa uliojibana kwenye kuunganisha sauti na maandishi. Kitaalamu huitwa ugumu mahususi wa kusoma, au disleksia. Sikuliandika jina hilo kwenye ripoti yangu. Kulithibitisha ni kazi ya kituo cha ubainishaji, kinachowapima watoto wenye mahitaji maalumu, na mpango wa kumfundisha haukuhitaji kulisubiri.

Kikao na uamuzi

Tulikaa watano: mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa darasa, bibi na mimi. Mezani kulikuwa na mapendekezo matatu.

Mwalimu wa taaluma alitaka mtoto akariri Darasa la Pili. Hoja yake haikuwa mbaya: Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne unakuja, na asiyefaulu hurudia darasa, kwa hiyo bora arudie mapema kwa utulivu. Tulilikataa kwa sababu ya chumba cha “Awali B.” Mtoto alikuwa ameshapewa mafunzo ya Darasa la Kwanza na la Pili mara ya pili, kwa njia ileile, na hayakushika. Mara ya tatu ingemwongezea mwaka na aibu.

Mwalimu mkuu alipendekeza ahamie kwenye kitengo cha shuleni kwangu. Nilipinga, ingawa kwangu kungekuwa na mwanafunzi mmoja tu wa ziada. Kitengo kile ni cha watoto wenye ulemavu wa akili na viziwi. Daudi angepata uangalizi, lakini angeacha Sayansi, Maarifa ya Jamii na Hisabati ya rika lake, masomo ambayo kichwa chake kilikuwa kinayaweza. Na sijaona watoto wengi wakitoka kitengoni kurudi darasa la kawaida. Njia ya kuingia ipo, ya kutoka haijachongwa. Isitoshe, Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 ulielekeza mtoto kama huyu asaidiwe hapohapo alipo, na mwalimu mkuu alikuwa na nakala yake kabatini.

Bibi hakusema mengi. Aliuliza kama kuna namna mtoto ataacha kuchekwa.

Tukaamua abaki Darasa la Tatu. Chumba cha “Awali B” kifutwe kwake na kwa yule msichana. Wapate dakika 20 kila asubuhi wakati wa usafi, kwenye stoo ya vitabu, na mwalimu wa darasa. Kwenye majaribio ya masomo mengine asomewe maswali na ajibu kwa mdomo. Rufaa iende kituo cha ubainishaji kupitia kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, lakini hakuna kitakachosimama kuisubiri. Bibi aliombwa jambo moja tu, asimkalishe mtoto na kitabu usiku. Alikuwa ameanza kufanya hivyo kwa fimbo pembeni, kwa nia njema kabisa.

Dakika 20 za asubuhi

Vifaa vilikuwa maboksi ya katoni yaliyokatwa kadi, vizibo vya soda vilivyobandikwa herufi, na sinia la mchanga.

Tuliacha chati. Silabi zilitoka moja moja, zimechanganywa, na kila moja ilitumika papo hapo kujenga neno: ka, ma, ta, “kata”, “mata”, “kama”, “kamata.” Mtoto anavisogeza vizibo kwa kidole huku akitamka. Kwa b na d tulifundisha b peke yake, ikisomwa na kuandikwa mchangani, hadi isitetereke. Ndipo d ikaletwa. Kuzifundisha pamoja “ili aone tofauti” ni kosa la kawaida, na ndiyo njia ya haraka ya kuzifanya zifanane.

Konsonanti zinazofuatana zilipewa nafasi yake. Mb, nd, ng', ny, kw, mw ziliandikwa kila moja kwenye kadi moja, kama herufi moja. Mwalimu anatamka “nyu”, mtoto anashika kadi ya ny na kizibo cha u. Hatukumwambia kwamba ny ni n na y. Kwenye kinywa cha mtoto ni sauti moja, acha iwe moja na mkononi.

Sehemu iliyoleta mabadiliko makubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa vitenzi. Msomaji dhaifu wa Kiswahili anaua nguvu zake kwenye neno kama “walipotukuta.” Anakokota silabi moja moja, akifika mwisho amesahau mwanzo, anakisia. Lakini mianzo ya vitenzi vyetu hujirudia kila ukurasa. Mwalimu wa darasa alitengeneza kadi za mianzo, “nina”, “ana”, “wali”, “tuta”, “hawa”, “alipo”, “walipo”, na Daudi alizizoea hadi akawa anazitambua kwa kuziona tu, bila kuzivunja. Neno refu likageuka kuwa kipande anachokijua na kipande kifupi cha kusoma. Kwa mtoto anayejua Kiswahili cha kuzungumza, mwanzo wa kitenzi unamwambia pia nani na lini, na hilo linampunguzia kubahatisha.

Maandishi ya kusoma yalitoka kwake mwenyewe. Alisimulia jinsi dagaa wa usiku wanavyotofautiana na wa mchana na kwa nini mvua ni hasara, mwalimu akaandika sentensi tano fupi, naye akazisoma. Hatari ilikuwa wazi: mtoto huyu ni bingwa wa kukariri. Kwa hiyo sentensi zilikatwa vipande na kuchanganywa kila siku. Siku ya kwanza alizisoma kwa mpangilio wa kichwani mwake, si wa mezani. Alipogundua kwamba amekamatwa, alicheka.

Kuhusu usafi, wenzake walinung'unika kwamba wale wawili wanakwepa kufagia. Mwalimu mkuu aliwapa kazi ya kupanga vitabu vya stoo baada ya dakika zao. Kelele zikaisha, na stoo ikapangika.

Palipokwama

Mwenzi wa kumsomea darasani ndiye aliyekwamisha mwanzoni. Tulimpa mwanafunzi bora wa darasa, uamuzi ambao kila mtu aliona ni wa kawaida. Mtoto yule aliona kazi yake ni kumfanya Daudi apate vema, akawa anamnong'oneza majibu. Alibadilishwa na msichana wa wastani, ambaye mwenyewe alisoma polepole na kwa sauti ya chini, na yeye ndiye aliyefaa.

Kiingereza hakikusogea. Mtoto ndiyo kwanza ameshika kwamba a ni a popote ilipo, Kiingereza kinamwambia si lazima. Baada ya kuona vurugu hiyo inarudi hadi kwenye Kiswahili, tuliamua apate Kiingereza cha kusikiliza na kuzungumza tu kwa mwaka mzima. Mwalimu wa somo hakufurahi, na alikuwa na haki. Tulikuwa tunakata tawi moja ili mti usimame.

Pigo kubwa lilikuja mwalimu wa darasa alipokwenda likizo ya uzazi, mwanzoni mwa Darasa la Nne. Mpango wote ulikuwa kichwani mwake na kwenye begi lake. Aliyeshika darasa hakujua habari za stoo wala za kusomewa maswali. Jaribio la kwanza Daudi alipewa karatasi kama wengine, akapata sufuri Sayansi, na wiki iliyofuata alionekana mwaloni. Ilichukua muda hadi bibi alipokwenda shuleni mwenyewe kuuliza kwa nini mjukuu wake ameacha kuamka mapema.

Ndipo ukaandikwa ukurasa mmoja: anachoweza, asichoweza, anavyopimwa, kadi zipo wapi, nani anamsomea. Ukabandikwa ndani ya jalada la mahudhurio, mahali ambapo mwalimu yeyote anayeshika darasa lazima afungue.

Rufaa nayo ilijibiwa baada ya miezi mingi. Ripoti ya kituo ilithibitisha ugumu mahususi wa kusoma na kupendekeza aongezewe muda na asomewe maswali kwenye mitihani. Ilifika wakati usajili wa Upimaji umeshafungwa, kwa hiyo Daudi alifanya kama watahiniwa wengine wote.

Matokeo

Mwishoni mwa Darasa la Nne Daudi alikuwa anasoma maneno zaidi kidogo ya 30 kwa dakika katika maandishi asiyoyajua, akielewa alichosoma. Ni chini ya kigezo cha Darasa la Pili. Kwenye Upimaji alipata wastani wa D, ambao ni ufaulu. Hisabati alipata C, Kiingereza E. Imla yake bado ina makosa mengi, hasa kw na mw. Mahudhurio yalirudi kuwa mazuri isipokuwa siku za giza, mwezi usipoonekana, ambazo dagaa huvuliwa na mwaloni huwa na mambo yake, na hizo hata watoto wanaosoma vizuri huadimika.

Uchambuzi

Ukiniuliza kilichookoa kisa hiki ni nini, sitataja kadi wala vizibo. Ni mwalimu kumsikiliza mtoto mmoja akisoma kitu asichokijua. Shule ilikuwa na vipimo vingi vya Daudi, na vyote vilipima kunakili, kukariri na utulivu. Mtoto mwenye ugumu wa kusoma lakini mwenye akili nzuri atajifunza mambo hayo matatu kabla ya kitu kingine, kwa sababu ndiyo yanayomlinda. Kwa hiyo daftari safi la mtoto asiyenyoosha mkono lingepaswa kutushtua kuliko daftari chafu. Zoezi la kumsomesha mtoto kazi yake mwenyewe ya jana halihitaji bajeti wala semina, na linawezekana hata kwenye darasa la watoto 90 ukiwaita watatu kwa siku.

Chumba cha “Awali B” kilimuumiza Daudi, lakini kilitupa taarifa ambayo kipimo chochote cha kununua kisingetupa: kati ya watoto kama 20 waliofundishwa kwa njia moja, nani hakusogea. Kama shule ingeanza kwa kuwaita wote 20 wenye ugumu wa kujifunza, ingekosea kwa karibu wote. Kama ingesema wote ni wavivu, ingekosea kwa wale wawili. Ninachokilaumu ni chumba na madawati, yaani kuwakalisha mahali ambapo shule nzima inawaona kama watoto wa Darasa la Kwanza. Mafunzo yaleyale yangetolewa kwenye chumba chao, tusingempoteza mtoto mwaloni.

Kusomewa maswali kuliwagawa walimu, na mjadala haujaisha. Wapo wanaoona ni kumpendelea. Mimi naona jaribio la Sayansi linapaswa kupima Sayansi. Mtoto aliyeeleza kwa mdomo jinsi mvuke unavyogeuka mvua, kisha akapata sufuri kwa kushindwa kusoma swali, amepimwa kusoma kwa jina la Sayansi. Lakini wanaopinga wana hoja moja nzito: Upimaji wa taifa haukumsomea. Tulimzoesha msaada ambao siku ya mwisho haukuwepo. Tungekuwa na ripoti ya kituo mapema, hoja hiyo ingepungua nguvu. Somo kwa shule ni la kalenda zaidi kuliko la ualimu: rufaa iandikwe wiki uliyoanza kumshuku mtoto, si baada ya kuridhika. Inaweza kufutwa baadaye bila hasara.

Sina hakika pia kwamba maendeleo yote ni ya mpango wetu. Sikio lilitibiwa katika kipindi hichohicho, mtoto aliongezeka umri, na fimbo ya usiku iliondoka. Kinachonifanya niamini kwamba dakika 20 zilikuwa na uzito ni kile kipindi cha likizo ya uzazi: sikio lilikuwa zima, umri ulikuwa unaongezeka, na bado alirudi nyuma.

Yule msichana wa pili sijamwelezea kwa sababu kisa chake hakina mwisho. Alikuwa anasonga taratibu kuliko Daudi, lakini alikuwa anasonga. Familia yake ilihamia mkoa mwingine katikati ya mwaka, kabla ule ukurasa mmoja haujabuniwa. Fomu ya uhamisho ilibeba jina, namba ya usajili na alama zake, ambazo zilikuwa mbaya. Siku hizi shule ile huambatisha ukurasa wa mtoto kwenye fomu ya uhamisho na mzazi huondoka na nakala yake.